Kiti cha Nyuma ya Dereva

Sauti ya Swantje ilikatika Jumapili mchana, alipokuwa akimwuliza mama mkwe wake kama viazi vimeiva. Neno lilitoka nusu. Nusu nyingine ilibaki kooni, na kuanzia hapo hakikutoka kitu ila hewa.

"Vimeiva," alijibu Irmgard, ambaye alikuwa ameelewa hivyo hivyo. "Na wewe umeiva. Una homa."

Jumatatu asubuhi daktari alimmulika koo kwa kitochi. "Wiki nzima usiseme," alimwambia. "Hata kunong'ona usinong'one. Kunong'ona kunaumiza koo kuliko kupiga kelele."

Swantje alitoa kijitabu mkobani akaandika: *Jumatano nina mhadhara.*

Daktari alisoma, akamrudishia kijitabu chake. "Jumatano huna mhadhara, mama."

Lakini alikuwa nao, na haukuwa mhadhara wa kuahirisha. Kila Jumatano idara ya historia pale chuoni ilikuwa na kikao cha utafiti. Mtu mmoja anasoma alichokitafiti, wenzake wanasikiliza, kisha wanamwuliza maswali mpaka jasho limtoke. Jumatano hii alikuwa anakuja Profesa Almut Dierksen kutoka mji mwingine. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kazi ya miaka mitatu kuhusu maandishi ya wafanyakazi wa viwandani, na alikuwa na tabia yake: hachukui mtu ambaye hajamsikia akijibu maswali mbele ya watu. Mkataba wa Swantje ulikuwa unaisha mwisho wa Machi. Alikuwa na miaka arobaini na nne, na mikataba yote mifupi ambayo sheria inamruhusu mtu kupewa alikuwa amekwisha kuimaliza.

Wiki iliyopita alikuwa ameitwa kwenye ofisi ya ajira. Kijana wa pale alitazama karatasi zake, shahada ya kwanza, ya pili, ya tatu, akavuta pumzi. "Umesoma sana, mama," alisema kwa upole, kama anayetoa habari ya msiba. "Kwa kazi tulizo nazo hapa, imezidi." Akampa kipeperushi cha kozi ya kupanga bidhaa kwenye bohari. Swantje alikikunja akakitia kwenye mfuko wa koti, na mpaka leo kilikuwa humo humo.

Torben, mume wake, aliporudi kutoka gereji ya mabasi jioni ile, alimkuta amekaa jikoni na skafu shingoni, kurasa ishirini na moja zimetandazwa mezani.

"Daktari kasemaje?"

Swantje akaonyesha kijitabu.

"Kasema asiseme," Irmgard alidakia huku akimenya viazi. "Tangu nihamie nyumba hii sijapata amani kama ya leo. Hata redio nimeisikia vizuri."

"Mama!"

"Nini? Anajua nafanya mzaha. Si unajua, mwanangu?"

Swantje alitabasamu kidogo, akaandika: *Ines atanisomea.*

Ilikuwa desturi yao huko chuoni. Mwenye mhadhara akipatwa na jambo, mwenzake husimama na kuusoma, neno kwa neno. Ines alikuwa rafiki yake wa ofisini na alikuwa amekubali mara moja. Maswali Swantje angeyajibu mwenyewe kwa kuandika ubaoni.

"Watu wazima," alisema Irmgard, "wanaacha kazi zao wanakwenda kusikiliza habari za lebo za makopo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kiwanda cha samaki cha bandarini, mjini kwao Bremerhaven, kilipokaribia kubomolewa, mtu alikuta mkebe wa biskuti umejaa lebo, mia tatu na kumi na mbili, akamletea Swantje. Upande wa mbele ulikuwa na picha ya samaki na nyanya. Upande wa nyuma ulikuwa na maandishi ya penseli. Wanawake wa kwenye mkanda, ule wa mashine unaopitisha makopo, walikuwa wamekatazwa kuongea kazini, na hata wangeongea, mashine zilikuwa zinapiga kelele kiasi kwamba hakuna ambaye angesikia. Basi walikuwa wakiandikiana nyuma ya lebo na kuzipitisha chini ya meza. Salamu, mashairi mafupi, namna ya kupika keki bila mayai, matusi ya kumtukana msimamizi. Hakuna aliyetia jina lake. Walitia herufi tu: R, G, H mbili pamoja. Swantje alikuwa na miaka minne na lebo hizo na bado hakumjua hata mmoja wa walioziandika.

Irmgard alifanya kazi katika kiwanda hicho miaka kumi na tisa. Siku moja, zamani, Swantje alimwonyesha lebo mbili tatu. Irmgard alizitazama kwa mbali, akasema, "Tulizifutia visu hizo," akatoka jikoni. Swantje hakumwuliza tena juu ya lebo. Samaki hakuingia nyumba ile. Hata Ijumaa Kuu walikula mayai.

Usiku ule kabla ya kulala Swantje alisoma ujumbe wa Profesa Wegener, mkuu wake. Wegener alikuwa amepitia kurasa zote. Aliusifu mwanzo. Kisha akaandika: "Ukurasa wa kumi na tisa uondoe. Mazungumzo ya jikoni si ushahidi. Hatumwingizi mama mkwe kwenye utafiti."

Swantje aliutazama ukurasa huo kwa muda mrefu. Kisha akachukua penseli na kuvuta mstari mmoja wima pembeni mwa aya mbili, kutoka juu mpaka chini. Kwake mstari huo ulikuwa na maana ya *ruka hapa.* Kurasa zilikuwa zimejaa marekebisho yake ya mkono, mishale, maneno yaliyopachikwa juu ya maneno. Alinuia kuchapa upya Jumanne. Jumanne homa ilipanda, na hakuchapa kitu.

* * *

Jumatano saa nane mchana Torben aliposhuka na ufunguo wa gari, alimkuta mama yake amesimama kwenye korido, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Gari lina nafasi?"

"Ulisema ni habari za makopo."

"Ni habari za makopo. Lakini huyu hana sauti, na wewe ukiingia mahali unakaa kama gunia. Nani atasema hata 'habari za mchana'?"

Walifika chuoni saa kumi kasoro dakika mbili. Torben, ambaye kazi yake yote inakwenda kwa ratiba, aliwakimbiza ngazini mpaka ghorofa ya pili. Chumba kilikuwa kitupu. Viti, ubao, chupa mbili za kahawa, sahani ya biskuti.

"Tumekosea siku," alisema Torben akihema.

Swantje akatikisa kichwa na kuandika: *Saa kumi maana yake saa kumi na robo.*

"Nani kasema?"

*Imekuwa hivyo kwa mamia ya miaka.*

"Basi langu likitoka gereji namna hiyo, nafukuzwa kazi," alisema Torben, akachukua biskuti.

Watu walianza kuingia saa kumi na dakika kumi. Walijaza kwanza viti vya nyuma, kisha vya katikati, na vya mbele vikabaki wazi. Irmgard, ambaye hakujua ustaarabu huo, alikwenda akakaa safu ya kwanza, mkoba mapajani. Mwanafunzi mmoja alimwuliza kwa adabu kama amepotea.

"Sijapotea. Wewe je?"

Profesa Dierksen aliingia peke yake, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na kichwa, akakaa karibu na dirisha na kufungua daftari. Hakumsalimu mtu.

Hapo ndipo simu ya Swantje ilipotetemeka. Alisoma, uso ukamwisha rangi, akampa Torben. Ilitoka kwa Ines. Treni ilikuwa imesimama katikati ya mashamba zaidi ya nusu saa, waya umekatika mbele, hakuna anayejua itaondoka lini. *Nisamehe, Swantje. Nisamehe sana.*

Profesa Wegener alikuja na miwani yake mkononi. "Nimesikia," alisema. Alizungumza na Torben badala ya Swantje, kama watu wanavyozungumza na mwenye kusukuma kiti cha mgonjwa. "Mwambie mke wako asisumbuke. Tutaahirisha."

"Anakusikia," alisema Torben. "Koo ndilo linalouma."

Wegener akageuka. "Samahani. Tutaahirisha, Swantje. Muhula ujao umejaa, lakini wa vuli tutakutafutia nafasi."

Vuli ilikuwa Oktoba. Swantje alitikisa kichwa kwa nguvu. Alimsukumia Wegener kurasa zake.

"Mimi ni mwenyekiti, siwezi kusoma na kuongoza maswali," alisema Wegener. Hata hivyo alivaa miwani akajaribu mstari wa kwanza. Aliusogeza ukurasa mbali, akauleta karibu, akaugeuza kidogo. "Hapa umeandika nini? Na hapa? Hii ni mishale?" Alimpa kijana mmoja wa shahada ya uzamivu aliyekuwa karibu. Yeye naye alisoma maneno manne na kukwama.

Torben alichungulia juu ya bega la yule kijana. "'Kinyume na ilivyodhaniwa'," alisoma. "'Mkanda haukuwanyamazisha.' Hapo mshale unakwenda chini, unarudi."

Wote wakamtazama.

"Nimesoma mwandiko wake miaka kumi na sita," alisema Torben, masikio yakimwiva. "Orodha za dukani."

Swantje alikuwa amekwisha kumshika mkono.

"Hapana," Torben alimnong'oneza. "Swantje, hapana. Tazama mikono yangu." Grisi haikuwa imetoka vizuri kuzunguka kucha. "Mimi ni fundi. Watacheka."

"Wacheke," alisema Irmgard kutoka safu ya kwanza, wala hakunong'ona. "Wewe soma."

* * *

Alisoma vibaya mwanzoni. Alisoma haraka, kichwa chini, kama mtu anayetaja namba za vipuri kwenye simu. Alisoma namba za tanbihi: "Wanawake mia mbili na arobaini, saba, walifanya kazi zamu mbili, nane." Kwenye ukurasa wa tatu Swantje alikuwa amejiandikia maneno ya kujikumbusha, na Torben aliyasoma pia, kwa sauti ile ile moja:

"Kwa hiyo lebo hizi si takataka bali ni maktaba. Tulia. Tabasamu. Kunywa maji."

Chumba kilicheka. Torben alinyanyua kichwa, akaelewa, akawa mwekundu mpaka shingoni. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya, alitulia, akatabasamu, akanywa maji. Wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa na joto. Mtu mmoja nyuma aligonga meza kwa vifundo vya vidole. Torben alijua maana yake. Siku Swantje alipopewa shahada yake ya uzamivu watu waligonga meza hivyo hivyo, na alielezwa kwamba hayo ndiyo makofi ya wasomi.

Baada ya hapo akapunguza mwendo. Alifika kwenye lebo zenyewe, na hizo alizisoma vizuri, kwa sababu wale wanawake waliandika kama watu aliokua nao. "'Msimamizi leo ana uso wa samaki aliyesahauliwa juani. HH.' 'Nani ana uzi mweusi? Soksi yangu inaniaibisha. R.'" Hata Wegener alitabasamu. Profesa Dierksen pekee hakutabasamu. Alikuwa anaandika.

Torben akageuza ukurasa wa kumi na tisa, akaona mstari wa penseli pembeni.

Gerejini kwao, kila basi huja na karatasi ya kazi. Mkubwa wa zamu huvuta mstari pembeni mwa yale ambayo fundi haruhusiwi kuyaruka hata kama muda umekwisha: breki, usukani, milango. Kwa miaka ishirini Torben alikuwa ameona mstari kama huo na kuelewa jambo moja. Alikohoa, akashika ukurasa kwa mikono miwili, na kuanza kusoma polepole kuliko mwanzo wote.

Swantje aliona ni ukurasa gani. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Akagonga meza kwa vidole, mara tatu, kumzuia.

Torben alimtazama, akashukuru kwa kichwa, akaendelea.

"'Mwanamke mmoja aliniambia haya akiwa anamenya viazi. Jioni alikuwa ananawa mikono kwa kahawa, kisha kwa limau, kisha kwa mafuta ya taa. Harufu haikutoka. Kwenye basi la kurudi nyumbani alikaa kiti cha mwisho kabisa, kwa sababu popote pengine watu walihama. Hakuwalaumu. Alisema hata yeye angehama, kama angeweza kujihama mwenyewe.'"

Wegener alikuwa amevua miwani.

"'Alipojifungua, aliomba wauguzi wamshikie mtoto siku tatu. Walidhani hampendi. Alikuwa anaogopa mtoto asije akaijua harufu ile na kudhani ndiyo harufu ya mama. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima na anatengeneza...'"

Torben akaacha.

Alilitazama neno lililofuata. Alikuwa ameliona vizuri, mwandiko aliujua. Hakumtazama mama yake. Mama yake naye alikuwa anautazama mkoba wake, kama mtu anayekagua kama zipu inafungwa.

"'...mabasi,'" alimalizia Torben.

Akanywa maji bila kuambiwa na karatasi.

"'Nimeileta habari hii kwa sababu katika lebo zote mia tatu na kumi na mbili hakuna hata moja inayotaja harufu. Waliandika juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Naamini lebo zilikuwa mahali pekee ambapo hawakunuka.'"

Kurasa mbili zilizobaki alizisoma sijui kwa nguvu gani. Alipofika mwisho alisema, "Basi, imeisha," neno ambalo halikuwa limeandikwa.

Meza zikaanza kugongwa, kwanza nyuma, halafu pande zote.

"Nani anagonga?" aliuliza Irmgard akigeuka.

"Wamependa, bibi," alimwambia yule mwanafunzi.

"Sasa si waseme."

* * *

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mzee mwenye skafu, ambaye alisema hana swali hasa ila maelezo kidogo, na maelezo yake yalichukua dakika saba. Swantje aliandika ubaoni, *Asante, nitalifikiria.* Watu wakacheka tena. Aliulizwa juu ya miaka ya lebo, juu ya karatasi, juu ya penseli, na kila jibu aliliandika kwa herufi kubwa, vumbi la chaki likimwangukia kwenye mikono ya koti.

Kisha Profesa Dierksen akaweka kalamu chini.

"Nimependa," alisema. "Lakini nina shida moja, na ni kubwa. Hujui nani aliandika. Herufi moja moja haitoshi. Bila majina, miaka mitatu utaitumia kukisia, na siwezi kuombea fedha kazi ya kukisia. Huyo mwanamke wa viazi naye, ni nani? Yupo?"

Swantje alisimama na chaki mkononi. Jibu lilikuwa fupi, lingetosha kwenye ubao. Hakuliandika. Haikuwa haki yake, na leo alikuwa amekwisha kuchukua zaidi ya haki yake, hata kama hakukusudia. Wegener akakohoa, tayari kumpa mtu mwingine nafasi.

"Yupo," alisema Irmgard.

Hakusimama. Alizungumza akiutazama ubao.

"Na kuna kosa. Nilimwambia vibaya, au yeye aliandika vibaya. Sikukaa kiti cha mwisho. Mwanzoni ndiyo. Baadaye kulikuwa na dereva mmoja, bwana Ehlers, yeye alikuwa anafungua dirisha lake tukipanda. Hata baridi ikiwa kali. Hakusema kitu, anafungua tu. Basi nikawa nakaa nyuma yake. Miaka kumi na moja nilikaa kiti hicho. Mkiandika, andikeni hivyo."

Swantje alikuwa anaandika ubaoni: *Ehlers. Kiti cha nyuma ya dereva.*

"Na hizo herufi," Irmgard aliendelea, "R ni Roswitha Timm. Soksi zake zilikuwa zinatoboka kila siku. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, ghorofa ya tatu, mguu wake mbaya lakini kichwa kizima. G alikuwa Gudrun, huyo amekufa. H mbili ni Hella. Hella Harms, alikuwa na mdomo mchafu, yupo nyumba ya wazee, na mdomo bado mchafu."

Kicheko kikapita chumbani. Profesa Dierksen hakucheka. Alikuwa ameishika kalamu tena.

"Na wewe, bibi? Herufi yako ni ipi?"

Irmgard alifungua zipu ya mkoba, akaifunga.

"Mimi ndiye niliyekuwa natunza mkebe," alisema.

Swantje alimtazama. Miaka minne mkebe ule ulikuwa juu ya meza yake ya kazi nyumbani, hatua sita kutoka chumba cha mama mkwe wake. Aliandika haraka kwenye kijitabu, akakipeleka safu ya kwanza. *Mama, kwa nini hukuniambia?*

Irmgard alikishika mbali na macho ili asome. "Uliniuliza juu ya karatasi," alimjibu. "Hukuniuliza juu ya watu."

Swantje aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Akaandika neno moja la radhi chini ya lile swali, Irmgard akalisoma, akampigapiga mkono. "Basi, basi. Utanitia vumbi la chaki."

Kikao kilipofungwa, Profesa Dierksen alikuja mbele. Alimpita Wegener, akampa Swantje kadi yake. "Siahidi kitu," alisema. "Kuna kamati, na kamati ni kamati. Lakini ifikapo Jumatatu niletee kurasa mbili: majina hayo, na utakavyoongea na walio hai kabla hawajaondoka duniani. Na ukurasa wa kumi na tisa usiuguse." Kisha akamgeukia Torben. "Wewe husomi vizuri, bwana. Lakini unajua mahali pa kupunguza mwendo."

"Mstari ulikuwepo pembeni," alisema Torben.

Swantje akafungua kijitabu, akataka kumweleza maana ya ule mstari. Akafikiri kidogo, akakifunga.

* * *

Kwenye maegesho hewa ilikuwa kali na vioo vya magari vilikuwa vimeanza kuganda. Swantje alipotia mkono mfukoni kutafuta kitambaa, alikutana na kipeperushi cha kozi ya bohari. Nyuma yake palikuwa peupe. Aliandika hapo, gari likiwa bado halijawashwa: *Roswitha Timm. Kesho. Keki.*

Irmgard alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma, moja kwa moja nyuma ya Torben, koti limefungwa vifungo vyote. Walitoka mjini. Torben alishika usukani kwa mikono miwili, macho barabarani. Walipofika barabara kuu alisogeza mkono wa kushoto mlangoni, akateremsha kioo chake mpaka chini. Upepo wa Februari ukaingia wote kwa pamoja, ukapeperusha kurasa za mhadhara mapajani mwa Swantje.

Irmgard aliacha upepo umpige usoni kidogo.

"Funga hilo dirisha, Torben," alisema kisha, na mkono wake ukaja mbele ukamshika begani, ukabaki hapo. "Funga, mwanangu. Mke wako anaumwa koo, na mimi sinuki tena."